Mstari wa Chokaa

Kila Jumanne saa kumi, timu haijavaa viatu,
napita na ndoo na brashi ya katani
kuwachorea mpaka wa dunia yao.
Upana, hatua zangu themanini.
Upande wa karakana ya uchomeleaji, sabini na sita,
maana mfongo ulipita hapa kabla ya chuo,
kabla ya Njoro kuwa na umeme,
na maji hayaambiwi sogea.

Leo hawakimbii. Wameketi wanabishana.
Kocha Mbwambo ana kipande cha plaiwudi
na vifuniko vya soda kumi na kimoja.
Anavitawanya mpaka ukingoni:
"Tupanuke. Winga akanyage chokaa.
Kwetu Upareni maji tunayalaza ndivani usiku,
alfajiri tunafungua, kila shamba kwa zamu yake.
Nyie mnamwaga yote kwenye mgomba mmoja."

Mgomba wenyewe ni Anaeli Temba,
mshambuliaji, kifua kama mlango wa ghala la kahawa.
Alikuwa anakula muhogo. Akameza kwanza.
"Miaka mitatu, kocha. Mpira mrefu, kichwa changu, wavu.
Nani alilalamika?"

"Makipa," mtu akasema nyuma,
wakacheka, hata Anaeli.

Ni kweli, sisi hatukulalamika.
Lakini fainali ya mwaka jana, kule Arusha,
mabeki wawili warefu walimfunga katikati yao
kama andazi ndani ya gazeti,
nasi tukaendelea kumtumia barua
kwa anwani ileile
dakika tisini.
Hakuna iliyofunguliwa.
Kwenye basi la kurudi, mpaka Boma Ng'ombe,
hakuna aliyeomba redio.

Mwalimu Ndeshi, wa hisabati, msaidizi wa kocha,
alisimama na kalamu sikioni.
"Ukitandika jamvi kubwa, hesabu na wa kulikunja.
Tukinyang'anywa pale kati, nani anarudi?
Pengo hilo lori la ndizi linapita, na tela lake."
Kocha akakuna shingo.
Kule karakanani cheche ziliruka, zikazima.

Shafii hakusema. Mwaka wa kwanza, fundi umeme,
miguu fito. Msimu mzima uliopita
mpira ulimfikia kwa bahati mbaya.
Alikuwa anakitazama kifuniko chake,
kile cha rangi ya machungwa, peke yake pembeni,
kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja
akaambiwa hiki chako, weka bikoni.

"Haikaeli," kocha akaita, "wewe mwenye chokaa.
Uwanja wetu unatosha kupanuka?"

Miaka minne nachora,
hakuna aliyewahi kuniuliza unachora nini.
Nikaweka ndoo chini. Mikono ilikuwa myeupe mpaka viwikoni.
Nikasema: kulia, hapana. Mfongo unavuja,
masika hii winga atazama kama jembe.
Kushoto ardhi ngumu, inashika kiatu,
ila kuna shimo la panya fuko hatua sita toka kona.
Nililijaza juzi. Amerudi.

Kimya. Ndeshi akaandika kitu.
Kocha akarudisha vifuniko vya kulia ndani,
akaviacha vya kushoto vilivyo.
Timu ikawa imepinda, kama meza ya mguu mfupi.
"Hivyo?" Anaeli akauliza.
"Hivyo, kwanza."
"Na mimi?"
"Wewe subiri krosi. Zikikosekana dakika thelathini,
tunarudi kwenye kichwa chako."
Anaeli akamalizia muhogo.
Hakukubali. Hakukataa.

Sijui kama itafaa. Jumamosi wageni wanatoka Same,
na wale wanakimbia kama wanadaiwa.
Ila Ijumaa magharibi, nikiwa peke yangu,
nilipofika upande wa kushoto
niliupeleka mstari hatua moja na nusu
kuelekea uzio wa michongoma.
Kanuni zinaruhusu; hata zisingeruhusu,
marefa wetu hawaji na futi kamba.

Sikumwambia mtu.
Shafii atajua kwa nyayo.